Msimu wa 8 wa Game of Thrones: walituharibia kazi ya miaka 8, na si kwa sababu mwisho ulikuwa wa huzuni

Wakuu, salaam. Humu nitataja mambo yote ya mwisho, kwa hiyo kama hujamaliza kuangalia, toka kwanza, utarudi ukimaliza.

Kila ukianza mjadala wa tamthilia hii lazima atokee mtu aseme kwamba waliochukia msimu wa mwisho walitaka shujaa wa Kaskazini, Jon Snow, amuoe Daenerys, malkia mwenye majoka, wakae kwenye kiti cha enzi, wazae watoto. Nimechoka kusikia hilo. Hakuna aliyeifuata Game of Thrones tangu 2011 akitegemea harusi yenye amani. Harusi za mle ndani tunazijua.

Wengi wetu tumekulia kwenye mabanda ya video, na kule kanuni ilikuwa moja: steringi hafi. Atapigwa risasi, atatupwa mtoni, lakini mwishoni atarudi kumalizana na adui. Halafu ikaja epizodi ya 9 ya msimu wa kwanza. Ned Stark, ambaye kila kitu kilikuwa kimetuonyesha kwamba ndiye steringi, akakatwa kichwa hadharani na binti zake wapo. Watu walirudisha nyuma kuhakikisha. Na ukirudisha nyuma kweli, unaiona njia yote iliyompeleka pale: alimfuata malkia Cersei akamwambia siri yake anayoijua kabla hajajipanga, akamwamini Littlefinger, mjanja wa ikulu, akadhani uungwana wake utamlinda kwenye mji usio na uungwana. Robb, mwana wa Ned, naye alivunja ahadi ya ndoa aliyompa bwana Walder Frey, akauawa kwenye karamu ya harusi pamoja na mama yake na mke wake mjamzito. Iliuma, lakini hakuna aliyeweza kusema ameonewa na mwandishi. Ulilolitenda msimu wa 2 lilikuja kukudai msimu wa 3. Hicho ndicho kilichotufunga kwenye tamthilia hii, na hicho ndicho walichokiua.

Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na epizodi 10 kila mmoja. Msimu wa 7 ukapewa 7, wa 8 ukapewa 6. Hakuna aliyewabania. HBO, kituo kilichoirusha, walikuwa tayari kuendelea kutoa pesa na muda. David Benioff na D. B. Weiss, waandishi wakuu wa tamthilia, ndio walioamua kwamba epizodi 13 zinatosha kumaliza kila kitu. Najua George R. R. Martin hajamaliza vitabu ambavyo tamthilia ilitoka, kile cha mwisho kutoka kilitoka 2011, na najua tamthilia ilivipita vitabu ikabaki bila pa kuegemea. Kazi ilikuwa ngumu, sikatai. Lakini ugumu wa kazi ndio ulitaka muda zaidi, na wao wakaamua kuupunguza.

Matokeo yake yalianza kuonekana msimu wa 7. Kwenye epizodi ya kwanza kabisa, msafara wa Mfalme Robert unatumia mwezi mzima kutoka mji mkuu King's Landing hadi Winterfell, ngome ya akina Stark kaskazini, na Cersei analalamika kwa uchovu. Umbali ule ulikuwa na maana: barua zilichelewa, watu walikufa kabla ndugu hawajafika. Msimu wa 7 Gendry, mmoja wa wenzake Jon, anakimbia kwenye theluji hadi kwenye ukuta mkubwa wa kaskazini, kunguru wa barua anarushwa hadi Dragonstone, kisiwa cha Daenerys, Daenerys anapanda joka na kuvuka nusu ya bara, na anamkuta Jon na wenzake bado wamesimama palepale katikati ya barafu wakisubiri. Siku hiyo nilijua tumekwisha.

Sasa Daenerys. Watetezi wanasema dalili zilikuwepo, alikuwa mkatili tangu zamani. Ndiyo, zilikuwepo! Kule Meereen, mji wa watumwa alioutwaa, aliwasulubisha mabwana 163 kulipizia watoto watumwa 163. Mimi sipingi kwamba angeweza kuishia pale alipoishia. Lakini mwanamke huyuhuyu, mwisho wa msimu wa 4, baba mmoja alimletea mifupa ya mtoto wake wa miaka 3 aliyeunguzwa na Drogon, joka lake kubwa, na kwa uchungu wa mtoto huyo mmoja akawafungia gizani majoka wake wawili anaowaita wanawe, analia huku akiwavisha minyororo. Kumtoa mtu hapo hadi kuchoma mji mzima uliokwisha kujisalimisha, kengele zinalia, watoto wanakimbia barabarani, kunahitaji safari. Tulitakiwa tumwone anakosea, anajitetea, anakosea tena kubwa zaidi, na sisi tuliompenda tukimtetea hadi tuone aibu. Tulipewa epizodi mbili za kukunja uso na kulia dirishani. Emilia Clarke alijitahidi kwa macho yake kubeba kile ambacho hakikuandikwa, na sitamlaumu hata kidogo.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni Jaime Lannister, pacha wa Cersei na mpenzi wake wa siri.

Tulianza kumjua akiwa mtu aliyemsukuma mtoto dirishani. Tukamchukia sote. Halafu msimu wa 3, akiwa amekatwa mkono, yuko kwenye maji ya moto na Brienne, mwanamke mpiganaji, kwenye ngome ya Harrenhal, akafungua moyo: alimuua Mfalme Aerys kwa sababu mfalme yule alikuwa ameamuru mji wote uchomwe kwa moto wa kijani na kila aliyemo. Aliokoa mji mzima, na malipo yake yakawa kuitwa msaliti maisha yake yote, wala hakuwahi kumweleza mtu. Kwangu ile ndiyo sehemu bora ya tamthilia nzima. Kuanzia hapo kila hatua ya Jaime ilikuwa ya mtu anayejivuta kwa shida kuelekea kwenye heshima. Msimu wa 7 unaisha anamwacha Cersei na kwenda kaskazini kupigana upande wa walio hai. Epizodi ya 2 ya msimu wa 8 anamgusa Brienne begani kwa upanga na kumfanya shujaa rasmi, na watu wazima walilia mbele ya TV.

Epizodi mbili baadaye analala na Brienne, anamwacha analia uani usiku, anarudi kwa Cersei. Na akiwa njiani amekamatwa na jeshi la Daenerys, anamwambia mdogo wake Tyrion kwamba kusema ukweli hakuwahi kuwajali sana watu wa mji ule, wenye hatia au wasio na hatia.

Hakuwahi kuwajali? Wakuu, huyu aliua mfalme kwa ajili yao! Tena ushahidi mwingine walikuwa nao mkononi: mwisho wa msimu wa 6 Cersei alilipua hekalu kuu kwa moto uleule wa kijani, yaani alitenda sehemu ya kile ambacho Jaime alimuulia Aerys, na mwana wao Tommen akajirusha dirishani kwa ajili hiyo. Mgongano mkubwa kuliko huo utaupata wapi? Mtu aliyemuua mfalme mwendawazimu sasa analala na malkia mwendawazimu. Hata kama walitaka arudi afe naye, kuna mtu anarudi kwa mwanamke anayemjua ni sumu, hilo lipo duniani. Lakini lazima arudi akiwa anakumbuka alichokifanya. Walimrudisha kana kwamba misimu 5 haikutokea, kisha wakawaangushia wote wawili matofali.

La Euron, mkuu wa meli za Cersei, ni la aibu tupu. Epizodi ya 4 wanakaa Winterfell kupanga vita na Jon anazitaja zile meli kwa jina, kwamba zikijaribu kupeleka chakula mjini majoka yatazichoma. Epizodi hiyohiyo Daenerys anaruka angani mchana kweupe, meli zinatokea nyuma ya mwamba, joka lake Rhaegal anapigwa mishale mitatu akiwa hewani na kufa. Benioff mwenyewe, kwenye maelezo yaliyorushwa baada ya epizodi, alisema Daenerys ni kama alisahau kuhusu meli hizo. Alisahau! Halafu epizodi inayofuata silaha zilezile, nyingi zaidi, hazimgusi Drogon hata mara moja, na joka moja linamaliza meli zote na kuta zote kwa dakika chache. Kama lilikuwa linaweza hivyo, Rhaegal alikufa kwa nini?

Vita vya usiku dhidi ya jeshi la wafu, epizodi ya 3, sitavizungumzia sana. Tishio lililofungua tamthilia kwenye dakika za mwanzo kabisa mwaka 2011 limemalizwa kwa usiku mmoja na kisu kimoja, kwenye giza ambalo nusu ya wakati hujui nani anamchoma nani. Fabian Wagner, aliyesimamia picha, akajibu kwamba shida ni watu kutojua kurekebisha TV zao. Huko ni kumdharau mtazamaji. Walijua kabisa watu wataangalia sebuleni, wengine kwa intaneti ya kubana, wengine kwenye simu.

Na Bran, mwana wa Ned, yule mtoto aliyesukumwa dirishani, ndiye anafanywa mfalme. Tyrion anasimama kwenye kikao cha kuchagua mfalme anauliza nani ana hadithi nzuri kuliko Bran. Msimu wa 5 Bran hakuonekana hata mara moja! Msimu wa 7 alimwambia dada yake Sansa kwa kinywa chake kwamba hawezi kuwa bwana wa mahali popote. Sansa anajitangazia uhuru wa Kaskazini na Yara Greyjoy, mtawala wa Visiwa vya Chuma aliyeahidiwa uhuru na Daenerys tangu msimu wa 6, amekaa palepale kimya.

Msinijie na tuzo. Najua msimu huo ulichukua Emmy ya tamthilia bora 2019, na najua watu zaidi ya milioni 19 waliangalia epizodi ya mwisho Marekani. Ramin Djawadi kwenye muziki, waigizaji, watu wa mavazi, waliopiga picha usiku 55 kwenye baridi kwa ajili ya ile vita, hao wote walistahili kila sifa. Waliowaangusha ni wale wenye kalamu.

Anayetetea msimu wa 8 namkaribisha, lakini aanze na Jaime. Anionyeshe ni wapi, katika epizodi zile 13 za mwisho, yule mtu wa Harrenhal alianza kugeuka kuwa mtu asiyejali watu wa mji ule. Ataje epizodi na ataje mazungumzo, nitairudia kuiangalia leo usiku.