Waifai haifiki chumbani: tupeane uzoefu, waliofaulu na walioliwa pesa

Mwenye uzi, Kiamunyi, Nakuru

Hamjambo wote. Nyumba yetu ni ya mawe, vyumba vitatu vya kulala, korido ndefu katikati. Fundi alipoleta mtandao mwaka jana alitoboa ukuta wa sebule, akaweka ruta nyuma ya TV, akanywa chai, akaenda zake. Tangu siku hiyo chumba cha mwisho ni kama kiko kaunti nyingine. Mke wangu anasoma jioni kwa mtandao, na masomo yenyewe anayafuata akiwa amekalia kigoda katikati ya korido, laptopu mapajani, kwa sababu ni hapo tu ambapo sauti ya mwalimu haikatiki. Watoto wakienda chooni wanapita wameinama wasionekane kwenye kamera.

Nilipolalamika nikashauriwa nipandishe kifurushi. Nikatoka Mbps 10 (kipimo cha kasi ya mtandao) nikaenda 20. Nikapima sebuleni: 19. Nikapima chumbani: 1.3, ile ile ya zamani. Yaani nimenunua tangi kubwa zaidi na bomba limebaki lile lile lililoziba.

Sitaki nadharia. Nataka kusikia ulifanya nini kwako, pesa zilienda wapi, na uliharibu nini. Hasa ulichoharibu.

Mama wa Section 58, Nakuru

Itoe nyuma ya TV kabla hujanunua chochote. Mgongo wa TV una bamba la chuma, na mawimbi hayapiti chuma, yanarudishwa. Yangu ilikuwa ndani ya kabati, pamoja na king'amuzi na vyombo vya wageni, eti haipendezi kuonekana. Nikaipandisha juu ya kabati, ikae wazi. Chumba cha pili kikapata mtandao siku hiyo hiyo, bila senti.

Nilichoharibu: ule waya mwembamba unaoingia kwenye ruta si shaba, ndani yake ni kioo. Nilitaka ruta isogee hadi koridoni, nikauvuta, nikaukunja kwenye pembe ya ukuta na kuupigia msumari wa kushikilia. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ikawaka. Siku tatu bila mtandao, na fundi wa kuuunga upya nikamlipa mimi. Ukitaka kuuzungusha mahali, upe kona pana kama unavyozungusha mpira wa kumwagilia maua.

Kijana wa Migosi, Kisumu

Mimi niliingia mtego wa ripita, kile kifaa cha kupokea waifai ya ruta na kuirusha tena mbele. Nilinunua ile ya kuchomeka ukutani, shilingi elfu mbili na mia tano, nikaichomeka chumbani pale pale ambapo mtandao haufiki. Simu ikajaa alama zote za waifai. Nikafurahi, nikaita hata jirani aje aone. Kufungua ukurasa, hakuna kitu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ripita hugawa ilichopewa. Ukiipa uji mwepesi, itakugawia uji mwepesi kwenye bakuli kubwa. Alama zilizojaa kwenye simu zilikuwa za simu na ripita, si za ripita na ruta. Nikaihamisha koridoni, nusu ya njia, mahali ambapo ruta bado inasikika vizuri. Hapo ikaanza kufanya kazi.

Lakini kasi ilikatika karibu nusu. Ripita za bei hiyo ni kama mkalimani mmoja kwenye mkutano wa injili: akisikiliza hasemi, na akisema hasikilizi, kwa hivyo kila neno linachukua muda mara mbili. Kwa WhatsApp na kusoma habari inatosha. Kwa darasa la video la shemeji, sijui kama ningeitegemea.

Mwenye uzi

Aisee, hiyo ripita nilikuwa nimeshaiona dukani na nimeshaahidi kurudi. Endeleeni.

Mpangaji, Manyatta, Kisumu

Nyinyi mnazungumzia umbali. Kwetu umbali haupo, naishi chumba kimoja, ruta naifikia kwa mguu nikiwa kitandani. Shida yetu ni kelele. Ploti ina nyumba kumi na sita na karibu kila mlango una ruta yake. Saa mbili usiku kila mtu akirudi, video inazunguka tu.

Nikaweka kwenye simu programu ya kuonyesha waifai za karibu na chaneli zake, yaani njia ya hewani ambayo kila ruta inatumia. Ruta tisa, tisa nawaambia, zilikuwa chaneli 6. Nikajiona mjanja, nikaweka yangu chaneli 4 kwa sababu ilionekana tupu. Ikawa mbaya kuliko mwanzo. Kumbe kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zinapandiana, na zinazokaa bila kugusana ni 1, 6 na 11 peke yake. Ukikaa 4 unasikia makelele ya 1 na ya 6 kwa pamoja, kama mtu aliyepanga chumba kati ya kanisa na baa.

Kilichoniponya ni masafa mengine ya waifai, ya gigahezi 5. Ruta yangu ilikuwa nayo tangu mwanzo, sema niliipa jina moja na ile nyingine na simu ikawa inajichagulia. Nikatenganisha majina, nikaunganisha simu na TV kwenye ya 5, ile ya 2.4 nikawaachia wageni. Gigahezi 5 haipendi kuta, na kwa mtu wa chumba kimoja hiyo ni baraka: ya jirani hainifikii na yangu haimfikii. Ingawa jirani mwenyewe bado hunifikia, kila mwisho wa mwezi, kuomba pasiwadi "ya kutuma kitu kimoja tu".

Lanet, Nakuru

Ndugu wa Kiamunyi, una ruta ya zamani imelala kwenye droo? Wengi wetu tunayo, tangu tuhame kampuni. Usiitupe. Hiyo ndiyo dawa yako, na gharama yake ni kebo.

Nilipitisha kebo ya mita ishirini juu ya dari, kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma, nikachomeka ruta ya zamani huko. Waya hauna habari na mawe. Kebo ya kawaida ya Cat5e inabeba mtandao hadi mita mia moja bila kuchoka, kwa hivyo ndani ya nyumba huwezi kuimaliza.

Makosa yangu sasa. Kwanza nilichomeka kebo kwenye tundu lenye rangi tofauti, la WAN, lile la kuingiza mtandao kutoka nje. Mtandao ulikuja, lakini printa iliyokuwa sebuleni ikawa haionekani kutoka chumbani, kwa sababu ruta ya pili ilijitengenezea mtandao wake na kujifungia humo. Nikahamisha kebo kwenye tundu la kawaida, la LAN, la vifaa vya ndani ya nyumba. Hapo ndipo vita vilipoanza. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani (namba ya kukitambulisha kila kifaa), kama hospitali yenye makarani wawili wanaotoa namba za foleni na hawajuani. Simu moja inapata mtandao, nyingine inaganda, ukizima na kuwasha zinabadilishana. Mama mkwe alikuwepo wiki hiyo, akasema nyumba imerogwa.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya ruta ya zamani kabla ya kuiunganisha na ile kubwa ya sebuleni. Zima DHCP, ile huduma ya kugawa anwani. Ipe ruta hiyo anwani isiyogongana na kubwa. Kama kubwa ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2, na hakikisha kubwa haimpi mtu mwingine namba hiyo. Jina la waifai na pasiwadi viwe sawasawa na vya kubwa, ila chaneli iwe tofauti: moja ikae 1, nyingine 11. Kisha kebo kutoka LAN hadi LAN. Unatembea na simu kutoka sebuleni hadi kitandani na inahama yenyewe, ingawa nyingine hung'ang'ania ruta ya mbali hadi ikate kabisa. Hiyo izime waifai na uwashe.

Riat, Kisumu

Sisi tuko ghorofa, slabu ya zege katikati, na slabu ina vyuma ndani. Nilinunua mesh, yaani vifaa vinavyopokezana waifai moja nyumba nzima, vitatu kwenye boksi moja, na bei sitaitaja kwa sababu nyumbani nilitaja nyingine. Haisumbui kupanga, unafuata maelezo kwenye simu na vyenyewe vinajuana. Ila niliweka kimoja chini sebuleni na kimoja juu kwenye chumba cha mbali kabisa, zege katikati, vikawa vinazungumza kwa shida. Nilipokihamisha cha juu hadi mwisho wa ngazi, ambapo hewa iko wazi kutoka chini hadi juu, kikaamka. Cha tatu hadi leo kiko kwenye boksi.

Kwa hivyo sikatai aliyosema wa Lanet. Kama unaweza kupitisha waya, pitisha waya. Mesh ni ya mtu ambaye landilodi amemkataza kugusa dari. Na hata mesh yenyewe ukiiunganisha kwa kebo inakuwa kitu kingine.

Kisii

Kuna pia vile viadapta vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za stima. Kwangu vilikubali, nyumba ndogo ya kupanga. Usivichomeke kwenye ekstensheni, vichomeke moja kwa moja ukutani. Nilipomwazima ndugu yangu kwenye nyumba kubwa havikukubali kabisa, vyumba vyake viko kwenye laini tofauti za stima. Jaribu vya kuazima kwanza.

Lurambi, Kakamega

Nyinyi wa nyumba moja mna raha. Mimi nina boma. Nyumba ya wazee, jiko la nje, na simba ya kijana, ile nyumba ndogo anayolala peke yake, kama mita arobaini na tano kutoka kwa wazee, migomba na mahindi katikati. Kijana amemaliza chuo, anafanya kazi ya kuandika kwenye kompyuta, na bila mtandao alikuwa anakuja kukaa sebuleni kwa mama mchana kutwa. Mama hapendi kupikia mtu mzima asiyeenda shambani.

Mara ya kwanza nilinunua kebo ya bei rahisi. Rangi ya shaba, bei ya bati. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na nilitaka ipeleke umeme wa kile kifaa cha upande wa pili humo humo. Kifaa kikawa kinajizima na kujiwasha. Nikanunua ya shaba tupu, nikaifukia bila bomba. Msimu wa palizi, jembe likaikata mara mbili. Nikaifukia tena ndani ya bomba la plastiki, nikajipongeza.

Ikaja mvua ya Aprili. Mnaijua mvua ya huku, saa tisa mchana mbingu inafungwa kama mlango. Radi ilipiga mti kwa jirani, hata si kwetu. Kebo ya shaba iliyolala ardhini kati ya nyumba mbili ni kama umeitegea radi kamba. Ruta ikafa kwa wazee, kifaa kikafa kwa kijana, na TV iliyokuwa imechomekwa kwenye ruta ikaungua tundu lake la mtandao. Nilifungua ile ruta kwa bisibisi, nikakuta ndani kidoa cheusi kama kichwa cha kiberiti, na harufu haikuisha wiki nzima.

Sasa nimeweka waya wa kioo, ule ule wa aina anayotuletea fundi wa kampuni, na kigeuzi kimoja kila upande cha kuurudisha kuwa kebo ya kawaida. Kioo hakibebi umeme. Lakini angalieni: nyingi za nyaya hizo zina uzi wa chuma ubavuni wa kuzibeba zikivutwa kwenye nguzo. Ukiupitisha huo nyumba kwa nyumba umerudi pale pale. Niliagiza usio na chuma. Miezi kumi sasa, mvua zimepita, vitu vizima. Hata hivyo mawingu yakijikusanya nachomoa plagi, kwa sababu radi huingia pia na stima.

Kimilili

Mzee wa Lurambi, kwetu ni duka na nyumba, kama mita mia tatu, barabara katikati, kuchimba haiwezekani. Tuliweka antena mbili zinazotazamana juu ya paa. Zinataka kuonana macho kwa macho. Mikaratusi ya jirani ilipokua tukaanza kupoteza mtandao kila mvua ikinyesha, majani mabichi yaliyolowa ni ukuta. Tumeongeza mlingoti mara mbili. Miti nayo inaongeza.

Nyalenda, Kisumu

Msisahau stima. Ruta ikiwa na betri ndogo ya akiba na ile ya chumbani haina, stima ikipotea mmerudi koridoni. Soma nyuma ya kila kifaa, nyingi ni volti 12 lakini si zote.

Mwenye uzi

Narudi na ripoti, Jumapili nzima imeishia darini. Nilianza na ushauri wa Mama wa Section 58. Ile programu ya Manyatta inaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, na ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Chumba cha mwisho kilikuwa -84. Kuitoa ruta nyuma ya TV na kuiweka kwenye rafu karibu na mlango wa korido: -75. Nikapima kasi, 6. Bila kutoa senti.

Kisha nikapitisha kebo ya Lanet. Buibui wa darini ni wakubwa kuliko nilivyodhani. Ruta ya zamani ikakataa pasiwadi yake, nikaifinya kwa sindano kwenye kile kitundu hadi ikasahau kila kitu, nikazima DHCP. Chumba cha mwisho sasa ni -48, kasi 19. Kebo na vichwa vyake, shilingi 1,400. Kifurushi nimekirudisha Mbps 10 kuanzia mwezi ujao.

Mzee wa Lurambi, swali moja. Nataka kupeleka pia kwenye chumba cha nje nyuma ya nyumba, mita kumi na mbili tu. Huko nako ni lazima kioo, au shaba itavumilia?

Lurambi, Kakamega

Mita kumi na mbili wengine huweka shaba na wanalala. Mimi siwezi tena. Kama chumba kinatumia stima ya laini ile ile ya nyumba hatari inapungua, lakini nunua hata vile vikinga-radi vya kebo na uviunganishe na ardhi kwa waya mzuri, si kwa kufunga kwenye dirisha kama alivyofanya fundi mmoja hapa kwe

Samahani, nitamalizia jioni. Kumeanza kunguruma, naenda kuchomoa.