Lenzi ya Canon kwenye Nikon inaona karibu tu: adapta ni mbovu au mimi ndiye nimekosea?

Mpiga Picha wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi hupiga picha za arusi na za ubatizo hapa Goma, na kwa miaka minane nimetumia kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR). Lenzi ninazozitegemea ni mbili: mm 50 f/1.8D, ile ya zamani yenye pete ya diafragma (tundu la kupitishia mwanga; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na mm 85 f/1.8G, ambayo pete hiyo haina. Mdogo wangu aliposafiri aliniachia lenzi yake ya Canon EF mm 50 f/1.4, nami nikaona itanifaa katika makanisa yenye giza. Nilikwenda kwa muuzaji mmoja wa vifaa, nikamweleza kwamba nataka kuifunga kwenye Nikon yangu. Akatoa adapta, yaani pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine, kwenye kijisanduku, akaifunga lenzi, akaizungusha mpaka ikalia ka, akaniambia: "Papa, imeingia, nenda kazini."

Ni kweli iliingia. Jioni hiyo nilimpiga mke wangu picha mezani. Nilipomsogelea sana, pete yake ya ndoa ilionekana vizuri hata mikwaruzo yake ungeweza kuihesabu. Lakini nilipoketi ng'ambo ya meza na kuilenga sura yake, niliuzungusha mkono mpaka lenzi ikakwama mwisho, na sura ikabaki ukungu mtupu. Mlima Nyiragongo, ambao asubuhi huonekana wazi kutoka barazani kwangu, ulikuwa doa la kijivu.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, je, adapta hii ni mbovu, au nimeifunga vibaya? Pili, kuna mtu anayeniuzia kamera ya Sony a7 III, naye anasema kwamba kwa adapta ya dola 30 lenzi zangu za Nikon zitafanya kazi humo kana kwamba zilizaliwa humo. Baada ya yaliyonipata, sina tena imani na neno "imeingia".

Fundi wa Nguba (Bukavu)

Kaka, adapta yako haina ugonjwa wowote, na wewe hukukosea kuifunga. Ulichouziwa ni kitu kisichowezekana.

Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu, usiobadilika, kati ya mdomo wa chuma unaofungwa lenzi na sensa iliyoko ndani, ile inayopokea picha, na kila lenzi hutengenezwa kwa kuufuata umbali huo. Kwa Nikon F, mfumo ulioanza mwaka 1959, umbali ni mm 46.5, kwa Canon EF, ulioanza mwaka 1987, ni mm 44. Lenzi ya mdogo wako inataka ikae mm 44 mbele ya sensa, lakini mdomo wa kamera yako peke yake umekwisha kuiweka mbali zaidi kwa mm 2.5, hata kabla adapta haijaongeza unene wake. Ili lenzi hiyo iuone mlima, ungehitaji adapta yenye unene ulio chini ya sifuri, na hakuna fundi chuma Kadutu nzima anayeweza kukuchongea hiyo. Zipo adapta zilizotiwa kigae cha lenzi ndani ili kurekebisha kasoro hii, lakini zile za bei nafuu huharibu ukali wa picha kiasi kwamba faida ya f/1.4 hupotea yote.

Tena unaweza kulipigia hesabu jambo hili. Chukua urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya mm iliyoandikwa juu yake, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kwa milimita zilizozidi: utapata, kwa kukadiria, umbali wa mwisho ambao lenzi itauona vizuri. 50 mara 50 ni 2,500. Gawanya kwa 2.5, unapata milimita 1,000, yaani mita moja tu, na hapo bado tunajifanya kwamba adapta haina unene. Ukiongeza unene wake, unabaki na umbali wa kuinama juu ya pete ya mkeo. Ndiyo maana ulihesabu mikwaruzo.

Kuhusu Sony, hali ni kinyume kabisa. Kamera hizi zisizo na kioo zina mdomo ulio karibu sana na sensa: Sony E ni mm 18, Canon RF ni mm 20, Nikon Z ni mm 16. Lenzi ya Nikon F ikienda kwenye Sony, kuna nafasi ya mm 28.5 ya kujazwa, na adapta ni mrija tu wa kuijaza nafasi hiyo. Haihitaji kigae chochote. Kwa hiyo anayekuuzia hakusema uongo juu ya kuona mbali. Alichokificha, au asichokijua, ni mambo mengine mawili.

La kwanza ni diafragma. Shika lenzi yako ya mm 85, igeuze, uitazame kwa nyuma dhidi ya dirisha: utaona kijiti kidogo cha chuma pembeni, na katikati kitundu kidogo cha mwanga. Sukuma kijiti hicho kwa ukucha, na diafragma itafunguka. Kiachie, itarudi kujifunga kwa springi. Kamera ya Nikon hukishika kijiti hicho ili diafragma ibaki wazi, na hukiachia pale tu unapopiga picha. Adapta isiyo na kitu cha kukishika itaiacha lenzi ya aina ya G ikiwa imejifunga kabisa, nayo itakupa picha yenye giza. Kwa hiyo nunua ile yenye pete yake ya kukizungusha kijiti. Pete hiyo haina namba za diafragma. Utakadiria kwa macho, na utazoea.

La pili ni kwamba kila kitu kitakuwa cha mkono. Adapta ya dola 30 haina umeme, kwa hiyo kamera haitajua kwamba kuna lenzi. Ingia kwenye mipangilio, uruhusu kupiga picha bila lenzi, kisha uwashe ile alama ya rangi inayopaka kingo za vitu vilivyo ndani ya fokasi. Fungua diafragma yote, kuza picha kwenye skrini, lenga jicho, halafu ndipo ufunge diafragma hadi unapotaka. Kwa mtu aliyeketi studio ni kazi tamu kabisa.

Neno moja zaidi kuhusu ubora. Adapta iliyozidi unene kwa sehemu moja ya kumi ya milimita yatosha kuizuia lenzi ya mm 50 isifike zaidi ya mita 25, na kwa lenzi pana ya mm 20 kosa hilohilo huishia mita 4. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wengi huzichonga nyembamba kidogo kwa makusudi, ili fokasi ipite alama ya nane iliyolala (ya mbali kabisa) badala ya kuishia kabla yake. Usitishike ukiona hivyo. Mimi hujaribu zangu kwa taa za ng'ambo ya ghuba usiku. Wewe una mlima, uamke mapema kabla ya mawingu.

Mama wa Studio, mtaa wa Kenya (Lubumbashi)

Fundi ameeleza vizuri, lakini nadhani ameijibu adapta akamsahau mwenye kazi. Huyu kaka yetu anapiga arusi. Bibi arusi haingii kanisani mara mbili.

Mimi nimewahi kutumia lenzi za Canon EF kwenye Sony kwa adapta yenye umeme, na hizo ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu tangu mwanzo Canon EF haina kijiti wala kamba: fokasi na diafragma zote huamriwa kwa umeme, na adapta hufanya kazi ya mkalimani. Hata hivyo, katika arusi moja hapa Lubumbashi mkalimani wangu alinyamaza. Msafara ulikuwa umefika katikati ya kanisa, kamera ikaandika kwamba haioni lenzi, nikaizima, nikaiwasha, na wakati huo baba mzazi alikuwa amekwisha kumkabidhi binti yake. Picha hiyo ninayo kichwani tu. Ilikuwa adapta ya bei nafuu, nakubali, lakini yako ya dola 30 haitakuwa hata na uwezo wa kunyamaza, maana haisemi tangu mwanzo.

Ushauri wangu ni kwamba, kama unataka kuhama kutoka kamera ya kioo, hamia nyumba ya jirani ya ukoo wako. Nikon wenyewe walipotoa kamera zao zisizo na kioo, Z6 na Z7, mwaka 2018 walitoa pamoja nazo adapta yao, FTZ. Lenzi yako ya mm 85 G itapata fokasi ya otomatiki humo, na diafragma itaongozwa na kamera kama kawaida. Ile ya mm 50 D itapata diafragma, lakini fokasi itakuwa ya mkono, kwa sababu lenzi za D hutegemea mota iliyo ndani ya kamera kuzungusha skrubu yao, na FTZ haina mota hiyo. Kwa arusi utabaki na lenzi moja ya kutegemea tangu siku ya kwanza. Ukinunua Sony kwa mrija mtupu, siku ya kwanza utakuwa huna hata moja.

Usiuze chochote kabla ya kuazima na kujaribu.

Kijana wa Birere (Goma)

Shikamoo Mkubwa. Mimi ninafanya video, hasa mahojiano, kwa hiyo namuunga mkono Fundi kuliko Mama, ingawa kwa arusi Mama ana haki. Ninatumia Helios 44-2 ya mm 58 f/2, lenzi ya Kisovieti ya kufunga kwa skrubu ya M42, kwenye Sony, na mtu akiketi kwenye kiti hatembei; fokasi ya mkono hainisumbui hata kidogo.

Nina mambo mawili ambayo hayajatajwa. Kamera ikiwa na kitulizo cha mtikisiko ndani, kama a7 III, uiandikie mwenyewe urefu wa fokasi wa lenzi, kwa sababu adapta bubu haiwezi kuiambia; ukiacha namba isiyo sahihi, kitulizo kitasahihisha kupita kiasi au chini ya kiasi. Pia tazama ndani ya mrija: ukiona unang'aa, mwanga wa jua la Kivu utarukaruka humo na picha itapauka. Wangu niliupaka rangi nyeusi isiyong'aa, nikauacha ukauke siku mbili kabla ya kuufunga. Vumbi letu hili jeusi la lava msilidharau, maana kila mkibadilisha lenzi barabarani mnalikaribisha kwenye sensa. Mimi huiacha adapta kwenye lenzi, siitoi.

Na ile adapta yako ya Canon usiitupe. Kwa picha za pete za maharusi inafaa, ila kwa kuwa lenzi haipati umeme, diafragma itabaki wazi kwenye f/1.4, na sehemu iliyo ndani ya fokasi itakuwa nyembamba kama karatasi. Ukiazima kamera ya Canon, funga lenzi humo, weka f/8, bonyeza kile kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, na ukiwa bado umekibonyeza utoe lenzi: itabaki kwenye f/8.

Mpiga Picha wa Himbi (Goma)

Marahaba, mdogo wangu. Mama na Fundi, asanteni sana. Nimefanya kama mlivyosema: sijanunua kitu. Mwenye Sony alikubali kuniazima kwa siku moja, pamoja na adapta yenye pete ya kijiti. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi Nyiragongo ulikuwa umevua mawingu, na kwa lenzi ya mm 85 niliona ukingo wa juu ukiwa mkali, kidogo kabla ya mkono kufika mwisho, kama Fundi alivyotabiri. Nimefurahi mno.

Tatizo ni ile mm 50 D. Picha zake zina giza, na kamera inapandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) mpaka chembechembe zinajaa. Pete ya adapta nimeiachia mpaka mwisho, maana lenzi hii ina pete yake.

Fundi wa Nguba (Bukavu)

Pete ya lenzi yenyewe iko wapi? Kwenye kamera yako ya kioo uliifunga kwenye f/22, ile namba ya rangi ya chungwa, na kuna kifungo kidogo pembeni kinachoizuia isitoke hapo. Pete ya adapta ikiwa imeachiwa, pete ya lenzi ndiyo inayotawala. Kutoka f/1.8 hadi f/22 ni zaidi ya hatua 7 za mwanga. Ndiyo giza lako hilo.

Mpiga Picha wa Himbi (Goma)

Ndiyo hicho hasa. Kifungo chenyewe sikuwahi kukigusa tangu niinunue. Ilinibidi nikisukume kwa ncha ya kalamu.

Kamera ya Sony nimeirudisha. Mama, kama kuna mtu huko au hapa mwenye Z6 na FTZ ya kuazima kwa Jumamosi moja isiyo na arusi, naomba anijulishe.