Simu mpya bila waya wa chaji: anayeokoa hapa ni nani?

Wakuu, habari za kazi. Naomba tulijadili hili mapema kabla hatujalizoea.

Kampuni za simu zilianza na kichwa cha chaja. Apple walikiondoa kwenye iPhone 12 Oktoba 2020, Samsung wakafuata na Galaxy S21 Januari 2021. Tulilalamika, kisha tukanyamaza. Sasa ni zamu ya waya. AirPods 4, spika za masikioni za Apple za mwaka 2024, zilitoka bila waya wa chaji kwenye boksi, na mwaka 2025 Sony wakauza Xperia 10 VII huko Ulaya ikiwa haina kichwa wala waya.

Hoja yao ni mazingira, na siidharau hata kidogo. Tume ya Ulaya ilikadiria kuwa chaja zinazotupwa na zile zinazokaa bila kutumika ni kama tani 11,000 za taka kila mwaka. Ndiyo maana tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima zitumie tundu la chaji la aina moja, USB-C, na anayeuza simu pamoja na chaja lazima aiuze pia bila chaja. Angalieni hapo: mnunuzi ndiye anayechagua.

Mwenzangu kazini aliniambia, "Nyaya zimejaa kila nyumba, mwingine wa nini?" Kwake huenda ni kweli. Mimi nilipopata simu mpya, ya zamani nilimpelekea mama kijijini, na kichwa na waya vikaenda nayo. Nani anampa mama yake simu bila chaja? Kwetu simu moja hupita mikono mitatu au minne, na waya wake hufuatana nayo. Na anayetoka kwenye simu ya micro-USB, lile tundu la zamani, hata awe na nyaya kumi, hakuna utakaoingia kwenye USB-C.

Simu yangu hiyo niliagiza nje, ikaja bila waya. Nikanunua wa barabarani, shilingi 3,000. Wiki ya pili ncha yake ilikuwa haishikiki kwa moto, plastiki imegeuka kahawia, na simu inalala kwenye umeme usiku kucha ndipo ijae. Fundi akauchana kwa wembe mbele yangu. Ndani shaba ilikuwa nyuzi chache, nyembamba kama unywele, na nyaya za kupitishia data hazimo kabisa. Kumbe ndiyo maana picha zilikataa kuhamia kwenye kompyuta! Shaba ikiwa nyembamba umeme unapita kwa shida, na unaopotea njiani unakuwa joto. Ule waya nimeutupa. Hiyo taka iliyookolewa kiwandani imeokolewa wapi, kama mimi nimetupa mmoja na kununua mwingine ndani ya mwezi?

Brazil hawakukubali. Septemba 2022 Wizara yao ya Sheria iliitoza Apple faini ya zaidi ya reali milioni 12 na kuamuru iPhone zisizo na chaja zisiuzwe, kwa maelezo kwamba mteja anauziwa kitu pungufu. Mimi sifiki huko, maana wapo ambao kweli hawahitaji waya mwingine.

Ninachotaka ni maboksi mawili dukani, moja lenye waya na jingine lisilo nao, na tofauti ya bei iandikwe juu yake. iPhone 11 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 699. iPhone 12, iliyokuja bila kichwa, ilianzia dola 799. Najua iliongezwa 5G na kioo bora, lakini punguzo la kile kichwa mnunuzi hakuonyeshwa popote.

Wanaouza simu Kariakoo mtusaidie: mteja akikuta boksi halina waya, mnampa wenu au anajitegemea? Na tukitaka waya urudi, tumbane muuzaji, au tupeleke hoja Tume ya Ushindani na TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao hata hizi nyaya feki zinawahusu?