Mrejesho: mwanangu aliyechoka na shule

Asalaam aleikum jamaa. Mnamkumbuka kijana wangu wa fomu tatu, niliyeuliza kama nimtoe shule kwa sababu kila asubuhi kichwa chamuuma na hataki kwenda? Sikumtoa.

Mmoja wenu alinambia nihesabu saa zake za kulala. Tano! Anaamka saa kumi alfajiri awahi feri ya Likoni, anarudi magharibi, kisha kazi za shule mpaka saa tano usiku. Umri wake wahitaji saa 8 hadi 10. Nami nikimwita mvivu, Mungu anisamehe.

Nikaenda shuleni na kanuni za elimu za Kenya za 2015 mkononi: masomo ya kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu. Mwalimu mkuu alinuna, lakini prepu ya alfajiri, yaani kujisomea kabla ya masomo, kamsamehe.

Kumtoa asomee nyumbani hakukuwezekana. Mimi nauza mahamri na mbaazi, nani atamkalia? Ila Jumamosi yuko kwa mjombake Kongowea, wanatengeneza friji. Huko hachoki, ajabu! Sasa ataka chuo cha ufundi, si chuo kikuu. Babake bado hajaambiwa.