Kocha mpya: mabao aliyofungwa zamani yanatuambia nini?

Mjadala huu hufufuka Lubumbashi kila mara klabu zetu, Mazembe au Lupopo, zinapotangaza kocha. Kabla mtu hajapuliza filimbi mazoezini, mashabiki wameshafungua simu, wametafuta timu aliyotoka, wamehesabu mabao aliyofungwa na hukumu imetoka. Akiwa amefungwa mengi, anaambiwa anakuja kutuzika. Akiwa amefungwa machache, tunashangilia kwamba ukuta umepatikana. Bapapa na bayaya wa mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya, Katuba na popote mlipo, naomba tujadili: hesabu hiyo ina haki gani?

Msimamo wangu ni huu. Idadi ya mabao peke yake haitoshi kumkubali kocha wala kumkataa. Tutazame alikuta nini na aliacha nini, kisha tuulize mabeki wake walizoea mechi za namna gani.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Wanasema mshambuliaji mwenye kipaji atafunga hata kama kocha hana mpango, lakini ulinzi hufundishwa: nani anapanda, nani anabaki, nani anamfuata anayekimbia nyuma ya beki, nani anasimama nguzo ya karibu kona inapopigwa. Kwa hiyo mabao ya kufungwa yanaonyesha mkono wa kocha kuliko mabao ya kufunga. José Mourinho alipofika Chelsea akitoka Porto, msimu wa 2004-05 timu ilifungwa mabao 15 katika mechi 38 za ligi, rekodi ya Ligi Kuu ya Uingereza ambayo bado ipo. Aliyeisoma Porto aliona mapema. Hilo nalikubali. Ila Mourinho huyohuyo, Chelsea hiyohiyo, alitwaa ubingwa mwaka 2015 na kabla mwaka haujaisha akafukuzwa timu ikiwa nafasi ya 16. Rekodi yake ya zamani haikuwa imefutwa hata mstari mmoja.

Lakini tuache Uingereza. Sisi wenyewe tumepitia jambo hili na timu ya taifa, na nashangaa linavyosahaulika upesi.

Mwaka 2021 Kongo ilimchukua Héctor Cúper. Kama kulikuwa na kocha ambaye karatasi yake ya ulinzi ilivutia Afrika nzima, ni yeye. Kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2017 kule Gabon, Misri yake ilimaliza mechi nne bila kuruhusu bao: Mali, Uganda, Ghana, Moroko. Bao la kwanza lilikuja nusu fainali dhidi ya Burkina Faso, na fainali wakaipoteza 2-1 kwa Kameruni. Ukimhukumu mtu kwa ulinzi wa zamani, Cúper anapita bila swali. Akaja kwetu. Machi 2022 tukaitafuta tiketi ya Kombe la Dunia mbele ya Moroko: 1-1 Kinshasa, kisha 4-1 Casablanca. Juni tukaanza kufuzu AFCON kwa kufungwa 1-0 na Gabon nyumbani na 2-1 na Sudani ugenini. Safari ikaishia hapo.

Karatasi ilificha nini? Mabeki wake wa kati wa Misri, Ahmed Hegazi na Ali Gabr, walikuwa wakicheza Cairo, mmoja Al Ahly, mwingine Zamalek. Golini alisimama Essam El Hadary, mwenye miaka 44 na makombe ya Afrika mkononi. Hawa walijuana, walizungumza lugha moja, walikutana ligini kama wapinzani. Chui wetu wa timu ya taifa wanatoka ligi mbalimbali za Ulaya, wanafika na uchovu wa ndege, wanapata siku chache za mazoezi. Ulinzi wa Cúper ulihitaji muda na mazoea, na vyote viwili hakuvikuta. Sisemi hajui kazi. Nasema tulinunua matokeo ya mahali pengine bila kuuliza yalipatikana kwa masharti gani.

Agosti 2022 akaja Sébastien Desabre, na hapa mchezo wa hesabu unageuka kichekesho. Wengi walimkumbuka kwa Uganda iliyotufunga 2-0 AFCON 2019. Katika kufuzu kwa michuano hiyo Uganda iliruhusu mabao 3 katika mechi 6. Safi sana, sivyo? Fungua ndani uone. Mechi ya kwanza, ushindi wa 1-0 Cape Verde Juni 2017, haikuwa yake. Kocha alikuwa Micho, Desabre alifika Desemba. Na Uganda, katika kufuzu Kombe la Dunia 2018 kabla Desabre hajafika, ilikuwa imeruhusu mabao 2 tu katika mechi 6, kundi lenye Misri na Ghana. Ukuta ulikuwepo, na Denis Onyango alikuwa golini. Kisha yale mabao 3 yote yaliingia siku moja, Dar es Salaam, Uganda ikiwa imeshafuzu na Tanzania ikihitaji ushindi ili irudi AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Kwa hiyo namba ile haikumsifu kwa haki wala isingemlaumu kwa haki.

Sasa tazameni kazi yake hapa. Timu aliyoikuta imefungwa na Gabon na Sudani aliipeleka AFCON iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024. Mechi 7, mabao 5 ya kufungwa, hakuna mechi hata moja tuliyoruhusu zaidi ya bao moja, nafasi ya nne. Beki wetu Chancel Mbemba akiwa nyuma alionekana mtu anayejua mwenzake atakuwa wapi. Hapo ndipo naona mkono wa kocha, kwa sababu tunajua alianzia wapi. Hata hivyo Septemba 2025 kocha huyohuyo aliongoza 2-0 dhidi ya Senegali Kinshasa na tukalala 3-2. Inauma hadi leo. Je, usiku ule unafuta kazi yote? Kwangu hapana, lakini najua wapo mnaosema ndiyo.

Kuna jambo jingine ambalo namba hazisemi kabisa, na sisi wa Lubumbashi tunapaswa kulijua kuliko wengine. Mwaka 1974 Zaire, jina la Kongo yetu wakati ule, ilikwenda Kombe la Dunia ikiwa bingwa wa Afrika, chini ya Blagoje Vidinić, aliyekuwa ameiongoza Moroko katika Kombe la Dunia 1970. Tukafungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazili. Mabao 14 katika mechi 3. Kipa wetu Kazadi Mwamba, mtoto wa Mazembe, aliondolewa mapema siku ya Yugoslavia. Karatasi inaandika hayo chini ya jina la kocha. Haiandiki kwamba wachezaji waliingia uwanjani siku ile wakiwa wameambiwa fedha zao hazipo. Ni klabu ngapi za kwetu zimecheza miezi bila mishahara, na baadaye kocha akabeba mabao yote mgongoni? Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu wanaochelewesha mishahara jina lao halionekani kwenye takwimu yoyote.

Turudi klabuni, maana hapo ndipo hasa tunapobishana. Mazembe inapocheza ligi, mpinzani anapaki basi, yaani anarundika watu wake golini. Mpira uko miguuni mwetu, mabeki wamepanda hadi katikati ya uwanja, nyuma yao kuna uwanja mtupu. Bao tunalofungwa ni la kushtukizwa: pasi moja ndefu, mtu mmoja mwenye mbio, kipa peke yake. Sasa mlete kocha aliyejenga sifa kwenye timu ndogo iliyokaa na watu tisa karibu na boksi lake. Alifungwa machache, ni kweli. Lakini beki wake hakuwahi kufundishwa kukimbia kurudi golini akiwa na mita 40 za nyasi nyuma yake. Na kinyume chake, kocha aliyefungwa mengi akiwapandisha juu mabeki wazito anaweza kung'aa akipewa mabeki wenye kasi. Namba ileile, kazi mbili tofauti.

Lamine N'Diaye, tunayemheshimu wote kwa ubingwa wa Afrika wa 2010, ni ushahidi mwingine. Msimu wa 2023-24 alitufikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Al Ahly tuliwazuia 0-0 hapa nyumbani, kisha Cairo tukafungwa 3-0. Msimu uliofuata, kocha yuleyule, tulimaliza mkiani mwa kundi la Al Hilal, MC Alger na Yanga, na Dar es Salaam tukafungwa 3-1. Rekodi ipi ni ya N'Diaye? Zote. Ndiyo maana nakataa mtu anayechagua msimu mmoja na kuutangaza kuwa ndiyo kocha mzima.

Na mnaosema kutofungwa ndiyo msingi wa kombe: AFCON 2012 Côte d'Ivoire haikuruhusu bao hata moja katika mechi zake 6, na kombe likaenda Zambia kwa penalti, ya mwisho ikipigwa na Stoppila Sunzu, beki wetu wa Mazembe wakati ule. Mwaka 2024 kombe lilibebwa na Côte d'Ivoire chini ya Emerse Faé, aliyekuwa kocha msaidizi hadi katikati ya michuano. Kwa kipimo cha rekodi, asingeitwa hata kwenye mahojiano.

Basi uongozi ukitangaza kocha, mimi nataka nisikie haya: timu yake ya mwisho ilikuwa inafungwa vipi kabla yake, ilifungwa vipi baada yake, mabao mangapi yalitokana na kona na faulo, na mabeki aliokuwa nao walikuwa wa aina gani. Mabao ya kona nayapa uzito wa pekee, kwa kuwa hayo hurekebishwa mazoezini hata na timu isiyo na fedha. Kocha aliyefungwa kwa kona msimu mzima bila kurekebisha, huyo nami nitakuwa na shaka naye. Baada ya hapo nampa mechi 10 za ligi na safari mbili za ugenini Afrika.

Wengine mtasema mechi 10 ni nyingi mno kwa klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano. Semeni basi ninyi mngempa ngapi, na mngetazama nini ndani yake.