Naomba ushauri: kupanga milima ya Wales kwa kimo na kwa mwinuko wa pekee

Ndugu wanachama, salaam. Ninaandaa orodha ya milima ya Wales kwenye kompyuta, na nimekwama katika kigezo cha pili. Kimo hakinisumbui, kwani kila ramani huonyesha kuwa Yr Wyddfa una mita 1,085. Kinachonitatiza ni mwinuko wa pekee, yaani kiasi ambacho mtu hana budi kushuka kutoka kileleni kabla ya kuanza kupanda mlima mwingine ulio mrefu zaidi. Kwa milima inayofikia futi 2,000, orodha ya Nuttall huridhika na mita 15 na ya Hewitt hutaka mita 30, ilhali ya Marilyn haijali kimo bali hudai mita 150. Matokeo yake, Crib Goch wenye mita 923 na ukingo unaotisha hata wazoefu umeachwa katika orodha hiyo ya tatu, lakini Tal y Fan wenye mita 610 umo, jambo ambalo binafsi naliona la ajabu.

Je, nichague kigezo kimoja, au niandike mwinuko wenyewe na kumwachia msomaji achuje? Vilevile, Mynydd Graig Goch ulipimwa upya mwaka 2008 ukapatikana na mita 609.75, ukavuka futi 2,000 kwa takribani sentimita 15. Milima iliyo karibu sana na kikomo namna hiyo niiwekee safu ya kuonyesha jinsi ilivyopimwa?