Tupeane uzoefu: nani alikuonyesha Kilimia?

Wakuu, juzi umeme ulikatika mtaa mzima, nikatoka uani na binti yangu. Akaniuliza, "Baba, kile kiwingu mbona hakiondoki?" Kumbe Kilimia, lile kundi la nyota! Miaka yote niliyokaa mjini sijawahi kukitafuta. Tukahesabu: yeye akapata nyota saba, mimi nikakwama kwenye sita. Humo zimo zaidi ya elfu moja, ila macho matupu huishia hapo. Wewe ulionyeshwa na nani?

Mjukuu wa Handeni: Bibi. Mahindi yake ya mbegu yalining'inia juu ya jiko, meusi kwa moshi, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa mpaka Kilimia kionekane mashariki jioni, giza linapoingia. Hapo ndipo vuli yetu. Jina lenyewe si linatoka kwenye kulima? Mwezi wa tano kikipotea magharibi, anasema: "Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Na kweli, Juni alfajiri kinachomoza masika yameshaisha.

Fundi Nakuru: Mimi ni gari. Nimefungua boneti za Subaru miaka nenda rudi, mteja mmoja ndiye aliyeniambia kuwa hilo ni jina la Kijapani la Kilimia. Nembo ina nyota sita. Usiku huohuo nilitoka nje kukitafuta.

Mvuvi Pangani: Januari usiku tafuteni zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Fuateni mstari huo kuelekea kaskazini-magharibi, mtapita nyota kubwa nyekundu-nyekundu, mbele yake kidogo ndicho hicho. Usikikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, nyota zitaongezeka. Ukiwa na darubini ndiyo utashangaa. Galileo alichora 36 mwaka 1610 kwa darubini yake ndogo. Mwanga ule umesafiri miaka kama 440, yaani uliondoka huko karibu na zama Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, 1593. Kila nikikumbuka hilo nikiwa kwenye ngalawa, mwili unanisisimka.

Mama Wawili: Mimi alinionyesha mama, tukiwa tumelala kwenye mkeka nje. Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Desemba nilienda nyumbani, nikamtoa nje, nikamshika mkono nikaunyoosha juu kilipo. Akatulia kidogo, akasema, "Haya, nihesabie."